Kwa Nini Mtoto Anashiba Uji na Bado Anadumaa

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha wengine. Mahindi yake hufika Dar es Salaam, viazi vya Njombe viko kila soko, na parachichi za huko zinasafirishwa mpaka Ulaya. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa watoto 57 hivi kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa, katika kila mkoa waliodumaa ni nusu hivi ya watoto wake wa umri huo. Kwa Tanzania nzima idadi ni 30 kati ya 100, nayo imekuwa ikishuka: ilikuwa 42 mwaka 2010 na 34 mwaka 2015/16. Nchi inasogea, lakini mikoa yenye maghala yaliyojaa ndiyo iliyobaki nyuma.

Hakuna kosa la hesabu hapo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 katika nyumba hizo mara nyingi hadumai kwa kukosa unga. Anadumaa kwa sababu alichopewa kilikuwa maji mengi na unga kidogo, cha aina ile ile asubuhi na jioni, mara mbili kwa siku, huku kuhara kukimrudia kila baada ya wiki chache. Hayo yote yanarekebishika jikoni, bila kununua kopo lolote la dukani, mzazi akijua kinachotokea ndani ya bakuli.

Kwanza tuelewane kuhusu udumavu wenyewe. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake umeshuka chini ya kiwango cha chini kinachotarajiwa kwa umri wake, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Si ufupi wa ukoo. Ndiyo, wazazi wafupi huzaa watoto wafupi kiasi, lakini nusu nzima ya watoto wa mkoa haiwezi kurithi ufupi kwa mpigo. Mwili unapokosa virutubisho kwa muda mrefu husitisha kwanza urefu ili ubaki hai, na ubongo unaokua kwa kasi katika miaka hiyo hiyo hupata hasara pamoja nao. Kinachopotea kabla ya miaka 2 hurudishwa kwa shida sana baadaye. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wanazungumzia siku 1,000: 270 za ujauzito na 730 za miaka miwili ya mwanzo.

Ugumu mwingine ni kwamba udumavu hauonekani. Mtoto aliyekonda kila mtu atamwona. Aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu, akacheza vizuri, na mizani ikasema uzito wake si mbaya, kwa sababu mwili mfupi hauhitaji uzito mkubwa. Mtaani akizungukwa na wenzake waliodumaa vile vile, mama hana wa kumlinganisha naye. Kinachomfichua ni ubao wa kupimia urefu, ambao mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelazwa. Ukienda kliniki mwanao akapimwa uzito tu, omba apimwe na urefu. Una haki hiyo.

Hesabu ya tumbo dogo

Mpaka atimize miezi 6 kamili, maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata maji hayahitajiki. Wengi huanza uji mwezi wa tatu au wa nne kwa kuwa mtoto analia na kunyonya kila saa, wakadhani maziwa yamepungua. Kulia huko mara nyingi ni kipindi cha kukua kwa kasi, na kunyonya mara kwa mara ndiko kunakoliambia ziwa liongeze. Ukimpa uji ananyonya kidogo, na ziwa likinyonywa kidogo hutoa kidogo. Hapo ndipo maziwa hupungua kweli.

Baada ya miezi 6 maziwa hayatoshi tena peke yake. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kama 300, na wa mwaka 1 hadi 2 kama 550. Sasa chukua uji kama unavyopikwa nyumba nyingi: vijiko 2 vya chakula vya unga, yaani gramu 20 hivi, kwa kikombe cha robo lita. Gramu 100 za unga wa nafaka zina kalori 350 hivi, kwa hiyo kikombe hicho kina kalori 70. Mtoto wa miezi 7 angehitaji vikombe vitatu kwa siku juu ya kunyonya. Wa mwaka mmoja na nusu angehitaji vikombe karibu vinane.

Haviingii. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 amejaa kabla ya kumaliza kikombe kimoja cha robo lita. Anageuza kichwa, anafunga mdomo, mama anasema ameshiba. Ni kweli ameshiba, ila ameshiba maji. Sukari haiokoi hali: vijiko viwili vya chai vinaongeza kalori 30 bila protini, bila madini, na vinamzoesha kukataa kisicho kitamu.

Uji mwepesi una sababu zake, si uzembe. Mama anaogopa mtoto atapaliwa. Bibi anasema utumbo bado mchanga. Tena uji wa kunywewa kikombeni ni rahisi kumwachia dada wa miaka tisa amlishe mdogo wake. Lakini mtoto wa miezi 6 anaweza kumeza uji mzito akilishwa kwa kijiko akiwa amekaa wima. Kipimo ni hiki: chota uji, inamisha kijiko. Ukimwagika kama chai, ni mwepesi mno. Ukibaki kijikoni na kudondoka polepole kwa kipande, ndio wenyewe.

Badili bakuli lile lile hivi: vijiko 4 vya unga badala ya 2, kijiko 1 cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, kijiko 1 cha chai cha mafuta ya alizeti. Unga unatoa kalori 140, karanga 90, mafuta 40. Jumla 270 katika ujazo karibu ule ule. Mtoto wa miezi 9 akila nusu yake mara tatu kwa siku amepita kiasi anachohitaji. Gharama iliyoongezeka ni ndogo. Kilichobadilika hasa ni ujuzi wa anayepika.

Kiasi cha kufuata ni hiki. Anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo akiwa na miezi 6, mara mbili kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe cha robo lita, milo 2 hadi 3, ifikapo miezi 8. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, milo 3 hadi 4. Kuanzia mwaka mmoja ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4, na katikati tunda au kiazi mara 1 au 2. Kunyonya kunaendelea muda wote huo mpaka miaka 2 au zaidi. Kama hanyonyi kabisa, ongeza milo 1 au 2 na maziwa yaliyochemshwa.

Kimea: ufundi uliopo tayari

Uji wa vijiko vinne au vitano vya unga kwa kikombe unaweza kuwa mgumu mno kwa mtoto wa miezi 6 au 7. Hapa kuna jibu ambalo Nyanda za Juu Kusini wanalo tangu enzi, kwani ndilo linalotengeneza togwa. Ni kimea.

Nafaka inapoota hutoa kimeng'enya kinachokata wanga. Wanga uliokatwa hauwezi tena kushika maji na kuvimba, hivyo uji uliokuwa karibu ugali hulegea ukawa wa kumiminika, na unga wote bado umo ndani. Umepata uji mwepesi wenye nguvu ya uji mzito. Kuota pia hupunguza kemikali za kwenye pumba ambazo hukamata madini ya chuma na zinki yasifyonzwe tumboni.

Tumia ulezi. Uchague mchanga na mawe, uoshe, uloweke usiku mzima, umwage maji, uutandaze kwenye ungo au gunia safi, ufunike kwa kitambaa kibichi. Kwa siku mbili au tatu unyunyizie maji na uusafishe mara moja kwa siku ili usinuke. Vijimizizi vikifika urefu wa punje moja au mbili, uanike juani mpaka ukauke kabisa, uusugue vijimizizi vidondoke, upepete, usage. Mtama nao huota vizuri, lakini machipukizi yake yana sumu ya sianidi, kwa hiyo kwa chakula cha mtoto ulezi ni salama zaidi.

Kosa linalowakatisha tamaa wengi hutokea wakati wa kuutumia. Wanautia kimea uji ukiwa unachemka, haulegei, wanasema hakifanyi kazi. Joto kali huua kile kimeng'enya. Pika uji mzito wa kawaida mpaka uive, epua, uache upoe hadi uweze kuvumilia kidole ndani yake kwa muda mfupi. Hapo tia kijiko 1 cha chakula cha kimea kwa nusu lita ya uji, koroga, subiri dakika 5 hadi 10. Utauona unalegea machoni pako. Kisha urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu kimea chenyewe ni kibichi na kimekaa siku tatu kwenye unyevu, ambako vijidudu huzaliana. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe.

Unga wa lishe wa nafaka kumi

Mjini tatizo limegeuka. Hapa mzazi ana fedha kidogo na nia njema, anakwenda mashineni na orodha: mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa. Vyote vinasagwa pamoja, kilo tano au kumi, na mtoto anakula uji huo miezi mitatu. Huo unaitwa uji wa lishe, na unastahili kusemwa wazi kwamba haufai kutengenezwa hivyo.

Mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano na mchele ni kundi moja la chakula. Sita za kundi moja hazimpi mtoto kitu ambacho moja au mbili hazikumpa. Karanga na mbegu zina mafuta, na mafuta yaliyosagwa yakikaa kwenye joto huoza na kutia unga wote harufu na ladha chungu. Soya mbichi ina kemikali inayozuia mwili kusaga protini, na haiondoki kwa uji unaochemka dakika kumi. Inatakiwa maharage yake yachemshwe dakika 20 hadi 30, yamenywe, yakaushwe, yakaangwe, ndipo yasagwe. Dagaa wasiooshwa huja na mchanga. Na mtoto akitokwa na vipele au akiharisha baada ya kuula, huwezi kujua ni kipi kati ya kumi kilichomdhuru.

Njia iliyo bora ni kusaga nafaka moja, au mbili kwa wingi wake, kilo mbili mbili. Vingine vyote viingie siku ya kupika: leo karanga, kesho yai lililopigwa na kukorogwa uji ukiwa bado unachemka kwa dakika tano, keshokutwa maziwa badala ya nusu ya maji. Hivyo mtoto anapata tofauti kila siku. Na hapana ulazima wa uji kila mlo. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopondwa na maharage yaliyochujwa maganda, ndizi zilizopikwa na dagaa wa kusaga, wali laini na mchicha uliokatwa katwa: hivyo vyote ni chakula cha mtoto wa miezi 8. Parachichi haipikwi kabisa. Gramu 100 zake zina kalori 160, unaiponda kwa uma na kumlisha. Inauma kuona mama wa Njombe anauza gunia zima kisha ananunua biskuti za mtoto.

Kipimo cha mchanganyiko kinachotumika duniani ni makundi 5 kati ya 8 kwa siku: maziwa ya mama, nafaka na mizizi na ndizi, mikunde na karanga, maziwa ya wanyama na bidhaa zake, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kama papai, embe, maboga na majani ya kijani, na mboga na matunda mengineyo. Mtoto anayenyonya, akala uji wa ulezi na karanga, mchicha wa mafuta na nusu ya yai, amefika tano.

Mchuzi si nyama

Madini ya chuma yanahitaji maelezo ya peke yake kwa sababu ndiyo yanayokosekana zaidi, na upungufu wake huanza kimya. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mama tumboni. Akiba hiyo huisha karibu na miezi 6, na mapema zaidi kama mama alikuwa na upungufu wa damu au mtoto alizaliwa njiti. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Kwa makadirio yanayotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku, wakati baba yake mtu mzima anahitaji 8. Mtoto mdogo kuliko wote nyumbani anahitaji chuma kuliko baba.

Sasa tazama chakula cha jioni siku ya nyama. Baba anapewa finyango, wakubwa wanagawana, mtoto anachovyewa ugali kwenye mchuzi. Mchuzi una harufu ya nyama, chumvi na mafuta kidogo, lakini chuma na protini vimebaki kwenye finyango. Mtoto anahitaji nyama yenyewe, iliyokatwa vipande vidogo mno au kukwanguliwa kwa kisu na kutwangwa. Kijiko 1 au 2 cha chakula kinamtosha. Kipande cha maini cha ukubwa wa vidole viwili mara moja au mbili kwa wiki ni bora kuliko karibu kila kitu kingine, na maini ni laini hata kwa asiye na meno. Dagaa huoshwa kwa maji mara kadhaa mpaka mchanga uishe, hukaangwa bila mafuta mpaka wakauke, hutwangwa na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha unga huo kwa bakuli, kila siku ikiwezekana.

Yai nalo linanyimwa watoto sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa imani kwamba litamchelewesha kusema. Halina madhara hayo hata kidogo. Mpe tangu miezi 6, likiwa limeiva kabisa.

Na chai. Mama akitoka mapema shambani, chai ya rangi na kipande cha mkate ndivyo vinavyobaki kwa mtoto. Chai hukamata chuma kilichomo kwenye chakula kikapita bila kufyonzwa. Chungwa, papai au nyanya pamoja na mlo hufanya kinyume chake, husaidia chuma cha maharage na mboga kufyonzwa. Asali isitumike kabisa kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu kali ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia. Chumvi haihitajiki kabla ya umri huo.

Sumukuvu

Mahindi na karanga, vyakula viwili vya msingi katika uji wetu, ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu. Ni sumu inayotolewa na ukungu, shambani wakati wa ukame au ghalani penye unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Hizo ni dozi kubwa. Dozi ndogo za kila siku hudhuru ini na zinahusishwa na saratani yake, na tafiti nyingi zimeihusisha pia na watoto kutokua vizuri.

Kuchemsha hakuiondoi. Kusaga kunaificha, na hilo ni kosa jingine la kununua unga wa mchanganyiko usiojua ulikotoka. Kinachosaidia ni kuchambua kabla ya kusaga, kwa sababu sumu nyingi huwa imejikusanya kwenye punje chache: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu. Hizo zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si chini ardhini. Kujua kama yamekauka, tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo mpaka theluthi moja, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, na kuhifadhi kunahitaji 13 au chini yake. Rudisha juani.

Nani anamlisha saa nne asubuhi

Mwaka 1983 mkoani Iringa ulianza mpango mkubwa wa lishe wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168 kwa kuanzia. Watoto walipimwa kijijini kwao mbele ya wazazi, na kijiji kikajadili kila aliyerudi nyuma: anakula mara ngapi, mama yuko wapi mchana, maji yanatoka wapi. Uzoefu huo ndio uliochangia sana mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990 na ambao dunia nzima inautumia mpaka leo. Mchoro huo unasema kwamba chakula cha kutosha ni nguzo moja tu. Mbili nyingine ni malezi, na huduma za afya pamoja na mazingira safi.

Malezi hapa maana yake ni muda wa mtu mzima. Milo minne ya mtoto haiwezi kupatikana kama mama anaondoka alfajiri na kurudi saa kumi. Ndiyo sababu mikoa yenye kilimo kikubwa inaumia: kazi ya shamba ni nyingi, na inamwangukia mama mwenye mtoto mgongoni. Baba anayetaka mwanawe akue anaweza kufanya mambo mawili yenye uzito kuliko kununua kopo la unga. Apunguze kazi ya mama, kuni na maji zikiwemo, na amlishe mtoto mlo mmoja kwa mkono wake.

Mtoto awe na bakuli lake. Akila sinia moja na kaka zake, wenye mikono mirefu wanamaliza, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mkalishe mkitazamana, mwongeleshe, msubiri ameze. Mlo wa mtoto wa miezi 9 unaweza kuchukua dakika 20 hadi 30. Akikataa, pumzika dakika chache, badili chakula au namna, jaribu tena. Chakula kigeni kinaweza kukataliwa mara nyingi kabla ya kuzoeleka. Ile desturi ya kumlaza, kumbana pua na kummiminia uji ni ya hatari: uji unaingia kwenye mapafu, na mtoto anajifunza kuogopa kijiko.

Uji uliopikwa asubuhi usikae wazi mpaka mchana. Zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, vijidudu vimeshaongezeka. Uweke moto kwenye chupa safi ya chai, au upike upya kidogo kidogo. Uji uliochachushwa vizuri hukaa muda mrefu zaidi kwa sababu ukali wake huzuia vijidudu vingi, na mtoto anaweza kuunywa.

Kuku nao watengwe na mahali mtoto anapotambaa. Anachookota chini anapeleka mdomoni, na kinyesi cha kuku kimejaa vijidudu vinavyochubua utumbo taratibu hata pasipo kuhara. Utumbo uliochubuka haufyonzi, hata bakuli liwe zuri namna gani. Banda la kuku, mkeka safi, na sabuni kabla ya kulisha na baada ya kumsafisha mtoto.

Akihara, na baada ya kuhara

Wengi humnyima chakula mtoto anayehara ili tumbo lipumzike. Ndipo anaporudi nyuma. Aendelee kunyonya na kula kidogo kidogo mara nyingi, apewe maji ya chumvichumvi yaliyochanganywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi 6 na zaidi, 10 kwa aliye chini ya hapo. Kuhara kukikoma baada ya siku mbili, zinki haikomi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Hapo hamu ya kula hurudi kwa kasi na mwili hufidia ulichopoteza, mradi apewe.

Juni na Desemba mpeleke akapate matone ya vitamini A kuanzia miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Kwenye kadi ya kliniki tazama mwelekeo wa mstari kuliko nukta moja. Mstari ukilala mwezi mmoja, uliza. Ukilala miezi miwili mfululizo, kuna jambo: milo imepungua, ameugua, au mama ameanza kazi mpya.

Mkanda wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimeta 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huo ni utapiamlo mkali, na dawa yake haipo jikoni. Vivyo hivyo miguu yote miwili ikivimba na kidole ukikibonyeza sekunde chache kinaacha shimo, hata kama mashavu yamejaa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.